Mkono wa Wifi

Fundi cherehani yule alijifunza sataranji kitandani. Mimba yake ya kwanza ilimsumbua, daktari akamkataza kunyanyuka, na mumewe, kwa kukosa la kumfariji, akamletea ubao. Mtoto anazaliwa, mama alishakuwa anamfunga baba bila jasho.

"Mfunge dada yangu kwanza, ndiyo ujisifu," mume alijitetea.

Dada huyo, mwalimu wa hesabu, alikuwa bingwa wa mji. Basi mawifi wakawa wanakutana mashindanoni mwaka nenda mwaka rudi, na fundi hakuwahi kuambulia zaidi ya sare. Hata mume alipofariki, hawakuacha.

Safari hii walikutana nusu fainali. Wifi alikuwa ametoka kuugua kiharusi. Mkono wake wa kulia ulitetemeka.

"Umependeza, wifi," mwalimu alisema akikaa. "Ukilia utatoka vizuri kwenye picha."

"Tutaona nani atalia."

Fundi alishambulia tangu mwanzo. Farasi wake wakamsonga mfalme wa wifi pembeni, pumzi zikawa za kuhesabu. Wifi akanyoosha mkono kwenye ngome, ukamponyoka, ukaangukia malkia. Sheria ni moja: kete uliyoishika ndiyo uicheze. Na malkia akisogea tu, mfalme kwisha.

Msimamizi akasogea. "Mama, umemshika malkia?"

"Nimemshika," wifi alijibu, macho chini.

Fundi akautazama mkono ule. Ndio uliombembelezea mwanawe, ndio uliomshika begani siku ya maziko.

"Hajamshika. Mkono umeteleza, alikuwa anaiendea ngome."

"Sitaki huruma yako!" wifi alifoka.

"Huruma ya nani? Nimengoja miaka yote nikufunge wewe, si ugonjwa wako. Cheza ngome yako."

Msimamizi akaridhia. Ngome ikasogea, na shambulizi lote la fundi likayeyuka. Alijikongoja, akapoteza farasi, mwishowe akamlaza mfalme wake mwenyewe kukiri kushindwa. Kisha akaenda uani akalia kweli, maana kufungwa kunauma.

Wifi alimfuata, akasimama karibu yake.

"Fainali wameniruhusu mtu wa kunisogezea kete. Nimekutaja wewe."

"Mimi? Na nikikuharibia makusudi?"

"Utaweza?"

Hakuweza. Siku ya fainali alikaa ubavuni mwa wifi yake, akisogeza kila kete aliyoambiwa, midomo kaibana. Mara mbili aliona hatua iliyo bora zaidi, akaimeza.