Mistari Kumi na Miwili

Mimi nikiona kitu kinahitaji kutengenezwa siwezi kutulia, na sipendi kuomba ruhusa. Tabia hiyo imenipatia sifa kwa wengi hapa Bunia. Siku moja iliniponza, na aliyelipia si mimi.

Madame alinifundisha kompyuta katika shule ya ufundi, halafu nikawa msaidizi wake katika chumba kilekile. Mashine zetu ni za zamani, hazina picha wala kipanya, ni skrini nyeusi na maandishi meupe. Mtandao hatuna. Ukitaka kujua amri fulani inafanya nini, unafungua programu ya msaada ndani ya mashine yenyewe, nayo inakupa maelezo ya Kifaransa ukurasa kwa ukurasa. Ukigonga kitufe kirefu, unakuja ukurasa mwingine. Madame alikuwa akiwasomea wanafunzi kurasa hizo kwa sauti, na hakuna aliyesinzia.

Mwaka huo nilianza kuona mambo. Alimimina chai nje ya kikombe. Nikiingia, alisubiri niseme kwanza ndipo anisalimu. Sikumuuliza. Unaanzaje kumwambia mwalimu wako kwamba haoni? Walimu wengine hawakuwa na haya hiyo, wakanong'ona mpaka ofisini, na barua ikaja: Alhamisi inspekta atakuja kuangalia kama Madame bado anafaa kufundisha. Asipofaa, atarudishwa nyumbani.

Alhamisi nilifika mapema kuliko mlinzi. Nikafungua faili ya mipangilio ya ile programu, nikageuza maandishi kuwa ya njano, nikayakuza, na kila ukurasa uliokuwa na mistari ishirini na minne nikaupa kumi na miwili tu, ili asibanwe na maneno mengi. Nikahifadhi, nikajipongeza. Sikumwambia. Kumwambia kungekuwa kumjulisha kwamba najua.

Inspekta aliingia na vumbi la barabara ya Mahagi bado likiwa kwenye viatu. Akakaa nyuma ya wanafunzi, akamwomba Madame aonyeshe sehemu inayoeleza jinsi ya kunakili folda nzima.

Madame aliandika amri bila kuangalia vidole. Akagonga kitufe kirefu mara moja, mbili, tatu, nne. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa anahesabu. Kurasa zile hakuwa akizisoma tena, alikuwa amezihifadhi kichwani pamoja na idadi ya kugonga. Kwa mistari yangu kumi na miwili, mara nne zilimfikisha nusu ya njia tu.

Akaanza kusoma kwa ile sauti yake nzuri maneno ambayo hayakuwepo kwenye skrini. Wanafunzi wakatazamana. Inspekta akasogea mbele, akatazama skrini, akamtazama yeye.

"Madame, munasoma wapi?"

Mkono wake ukashika ukingo wa meza.

Nikaruka kama kawaida yangu. "Muzee inspekta, kosa iko yangu. Asubuhi nilibadilisha mistari ya skrini. Madame hakujua."

"Sawa," akasema taratibu. "Lakini mutu mwenye kuona, mistari ikibadilika, si iko nasoma tu?"

Inspekta alikuwa bado anashuku tu kwamba Madame haoni, mimi nikamhakikishia. Nilijichukia pale pale.

"Mutoto yangu," Madame akaniambia bila kugeuka, "rudisha vile ilikuwa."

Nilifuta nilichoandika asubuhi. Nilikosea mara mbili, mashine ikalia kila mara, na chumba kizima kilisikia. Madame akaandika amri upya, akagonga tena mara nne, akasoma. Alimaliza ukurasa, akagonga, akasoma unaofuata. Mwanafunzi wa mbele alifuata kwa kalamu kwenye skrini mstari kwa mstari, na hakuna neno lililopotea. Inspekta alisikiliza akiwa amesimama mpaka mwisho. Akasema, "Merci, Madame," akakaa na kuandika kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata barua ya pili ilikuja. Madame aliingia nayo darasani wanafunzi walipokwisha kutoka, bahasha ikiwa bado imefungwa, akanipa mkononi.

"Unisomee," akasema.

Hakuwahi kuniomba hivyo. Barua ilimtaka akabidhi darasa, na jina la wa kukabidhiwa lilikuwa langu. Nikamsomea yote, mpaka kwenye sahihi.