Robota Lililoachiwa Bila Mwito

Waliomvunja mguu mpakiaji mwenzao, kwenye gati la kiwanda kimoja cha pamba nje kidogo ya mji wa Mwanza, ni mnyapara wa kundi la kwanza pamoja na watu wote wa kundi hilo waliokuwapo kazini. Aliyewafichia ni meneja wa kiwanda. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi nimesikia ikielezwa kuwa ilikuwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa karani wa mizani mahali pale kabla sijaingia katika utumishi wa serikali, na kutoka mlango wa mizani mteremko wote wa mbao ulionekana.

Marobota ya pamba yalibiringishwa kwenye mteremko huo kutoka ghalani hadi kwenye tishali la mizigo lililofungwa gatini. Mtu wa chini hupanga robota lililotangulia akiwa amewapa mgongo walio juu. Kwa hiyo wa juu huita, "Robota!" kisha hungoja. Wa chini akiitikia, "Lije!" ndipo huachia. Uhai wa mtu wa chini ulikuwa katika mwito huo, na kila mpakiaji alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kundi la kwanza lilisifiwa sana. Wengi wao walikuwa Wasukuma waliokulia katika kilimo cha pamoja, mstari mmoja wa majembe, wimbo mmoja, hakuna anayemtangulia mwenzake. Walikula sinia moja. Aliyeugua alifanyiwa kazi yake bila manung'uniko. Sifa hizo siwanyimi. Lakini walikuwa na desturi nyingine ambayo hata leo nikiikumbuka natema mate: kosa la mmoja wao halikuonwa na mtu yeyote.

Miaka michache kabla ya Uhuru aliajiriwa katika kundi hilo mtu mmoja kutoka Ukerewe, mtu mzima mwenye mke na binti, mpole wa maneno. Hakuwa amezoea bado desturi zao, siku robota moja lilipoporomoka na kuzama ziwani. Meneja akauliza nani aliyelifunga.

"Hatukuona, bwana," wakajibu, mmoja baada ya mwingine.

Mkerewe akasema, bila chuki yoyote, "Mimi niliona. Alifunga huyu ndugu, na kamba ilikuwa imelegea."

Meneja alipoondoka mnyapara akamsogelea. "Sisi hapa tumeajiriwa mikono. Wewe umekuja na macho. Haya, yatakulisha hayo."

Asubuhi iliyofuata Mkerewe alifika na kumwamkia mnyapara kama kawaida. "Shikamoo, mzee."

Mnyapara akawageukia wenzake. "Upepo wa ziwani leo una maneno."

"Tena ya Kikerewe!" akadakia mmoja, wakacheka hadi kushikana mabega.

Tangu hapo hakusemeshwa. Maji ya kunawa yalipozungushwa kabla ya chakula, birika lilipita mbele yake kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Akawa anakula michembe yake, viazi vilivyokaushwa, peke yake nyuma ya ghala. Nilimwendea mnyapara nikamwambia, "Mzee, hata kijijini kwenu anayetengwa huachiwa njia ya kurudi. Hutoa mbuzi, akaliwa, yakaisha. Huyu mnamdai nini?"

"Hatumdai kitu, karani," alinijibu. "Hatumjui."

Hapo ndipo uchafu wao ulipo. Walichukua adhabu ya wazee wao, wakaiacha huruma iliyofungamana nayo.

Siku ya tukio Mkerewe alipangwa chini, tishalini. Aliyekuwa juu alishika robota, akafungua kinywa ili aite. Nilimwona kwa macho yangu. Akamtazama mnyapara kwanza. Mnyapara alikuwa ametazama ziwani, ametulia tuli. Yule mtu akafunga kinywa, akaachia. Nilipaza sauti, lakini kishindo cha robota kwenye mbao kiliimeza. Lilimkandamiza goti kwenye ubavu wa tishali.

Mchana, damu ikiwa bado haijakauka kwenye mbao, walinawa, wakakaa sinia moja, wakala ugali na furu. Mmoja, akifyonza kichwa cha samaki, alisema, "Si alikuwa na macho?" Wakacheka tena.

Meneja alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: hatukuona. Nilimweleza yote niliyoyaona. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Karani, kundi linaloshikana hivi silivunji kwa ajili ya mtu mmoja. Msimu ndio kwanza umeanza." Akaandika kwamba mpakiaji aliumia kwa uzembe wake mwenyewe. Mguu ulikatwa. Mzembe hana haki ya fidia, hivyo akarudishwa kisiwani kwa magongo.

Uhuru ulipokuja, mnyapara yule alipandishwa jukwaani kama mfano wa umoja wa wafanyakazi. Umati ukampigia makofi. Nimeutumikia umoja wa taifa hili maisha yangu yote ya kazi na sikubali uitwe kwa jina moja na kitu kile. Watu wanaonyamaza pamoja ili mwenzao apondwe ni genge, hata wakiimba vizuri namna gani.

Mkerewe amekwisha kufariki. Binti yake, sasa mama wa watoto, alinifuata hadi nyumbani kwangu Buhongwa. "Shikamoo, baba," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ni kweli baba yangu alikuwa mzembe?" Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Alilia, kisha akauliza kwa nini hakuna mwingine aliyewahi kumwambia.

Swali hilo halinihusu mimi peke yangu. Kwa hiyo nawataka rasmi watu wa kundi la kwanza walio hai, akiwamo mnyapara wao anayeishi kwa heshima Buswelu, wafike mbele ya binti huyo na mashahidi, kila mmoja aseme kwa kinywa chake alichokiona na kwa nini alinyamaza. Nawataka pia warithi wa kiwanda wafute neno uzembe katika taarifa yao na kuandika kwamba mtu huyo aliumizwa na wenzake kwa kunyimwa mwito. Majibu yatolewe kwa maandishi, yakiwa na sahihi za wahusika, na akabidhiwe binti mwenyewe.