Jiwe Lililompiga Baba

Juzi, mtaani Braamfontein, nilimwona mwanafunzi akikimbilia basi. Ghafla alisimama, akashika kisigino, akageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palepale nikasikia tena harufu ya majani yaliyofyekwa, kule uwanjani mtaa wa Yeoville, nilipokuwa mtoto.

Baba alikuwa akicheza mpira na mafundi cherehani wenzake, Watanzania na Wakongo. Nilisikia "ta!", kama ubao mkavu unapovunjika, naye akaanguka.

"Nani kanipiga jiwe?" alifoka.

Siku zile wageni tulikuwa tukipigwa na wenyeji. Wanaume wote waligeuka kutazama barabarani. Mimi nilitambaa majanini nikilitafuta hilo jiwe. Sikuliona.

Hospitalini daktari alilibinya shavu la mguu wa Baba. Wayo haukutikisika.

"Kano ya kisigino imekatika," alisema. "Yenyewe tu."

"Yenyewe?" Baba alimkodolea macho.

Leo najua kano hukatika hivyo, na mtu huhisi kama amepigwa kwa nyuma. Siku ile niliamini daktari anamficha aliyerusha jiwe.

Jioni, mguu ukiwa kwenye plasta ngumu, Baba alimwambia Mama, "Bora lingekuwa jiwe. Jiwe ningelikwepa."