Mzee wa Kiti cha Mlangoni

Sijamwambia mtu, lakini nyinyi nitawaambia. Kwenye somo letu la utangulizi wa siasa, hapa chuoni Shinyanga, kuna mzee wa kaunda suti anayekaa karibu na mlango na kuandika kila tunachosema. Nikajua tu, huyu ni mtu wa usalama.

Nikaanza kumchunguza.

"Shikamoo mzee. Unafanya kazi wapi?"

"Marahaba. Nasimamia mizigo bandari kavu, pale Isaka."

Msimamizi wa mizigo asome siasa ili iweje? Nikahamia kiti cha nyuma yake nichungulie daftari. Na kila mwalimu alipotaka maoni, niliisifu serikali kwa sauti, mzee asikie vizuri.

Jana tukapangwa kundi moja. Mzee akasimama.

"Mwalimu, naomba unihamishe. Huyu kijana ananihoji kazi yangu, anachungulia ninachoandika, na yeye kazi yake kusifu tu. Kama katumwa, mimi nina familia."

Nikacheka, nikageuka ili wenzangu wacheke pamoja nami. Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaelewa kwa nini viti vya pembeni yangu vilikuwa vitupu muhula mzima.