Matofali ya Kichuguu cha Mama

Kichuguu nilikibomoa mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu husema "tulikibomoa", wakinionea huruma, na huruma yao siitaki.

Kilikuwa katikati ya shamba la mama, nje kidogo ya Usagara, kipana kuliko nyumba aliyokuwa akiishi. Shamba lote ni kichanga kinachokubali mihogo na viazi, vingine vyote kinavinunia. Juu ya kichuguu lakini ulisimama mkwaju, na misada, na vichaka vya mitundwa, miti ambayo hukuiona popote pengine shambani. Ubavuni mama alipanda maboga na matango. Mgagani na mlenda vilijiotea vyenyewe. Mwezi wa nane, mbuzi wa jirani wakitafuna makaratasi, pale palikuwa bado na mboga mbichi.

Mama hakusoma, lakini sababu aliijua. Mchwa, alisema, wanachimba chini ambako jembe halifiki, wanapandisha udongo wa mfinyanzi, wanakusanya majani makavu na kinyesi cha ng'ombe kutoka shamba zima na kuvirundika kwao. Kila mwaka kabla ya mvua alizoa udongo uliomomonyokea chini ya kichuguu, beseni mbili tatu, akaunyunyiza kwenye mistari ya mahindi. Uliomomonyoka tu. Kichuguu chenyewe hakukigusa kwa jembe. Nilipokuwa msichana niliona ni uvivu.

Kisha nikapata kiwanja Kisesa. Nilikuwa nafanya kazi kiwandani Nyakato, nimechoka kupanga, na kila mtu aliniambia hakuna tofali la kuchoma linaloshinda la udongo wa kichuguu. Nikamwendea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja siku ya kazi?"

Nikamweleza. Nikaongeza na uongo: kwamba mchwa wale siku moja watakula paa lake. Akatazama shambani kwa muda.

"Utachukua chote?"

"Kidogo tu, mama."

"Chukua, mwanangu. Nyumba ni nyumba."

Kwetu mzazi hamnyimi mtoto udongo wa kujengea. Nililijua hilo kabla sijapanda gari, ndiyo maana sikutuma mtu, nilikwenda mwenyewe.

Fundi wa matofali alikuja na wenzake wawili. Kidogo ikawa nusu, nusu ikawa chote, maana udongo ulikuwa mzuri na mimi nilikuwa naongeza vyumba kichwani. Mkwaju na misada tukaikata kuni za tanuru. Siku ya nne fundi alinionyesha malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba, mweupe, bado anatikisika. Akamtupia kuku. Nilicheka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka, akaingia ndani kuwapikia mafundi.

Lori lilipita barabara ya Usagara kwenda Kisesa limejaa matofali mekundu, nami nimekaa mbele kwa dereva, najiona mtu.

Nyumba ni nzuri. Haina ufa hata mmoja, na naona aibu kuisifu.

Shambani limebaki shimo. Mvua ikinyesha linajaa maji. Yakikauka unabaki udongo mweupe mgumu ambao hata magugu yanaukataa. Mwaka wa kwanza mama alipanda maboga ukingoni, yakatoa maua, yakanyauka. Mwaka wa pili nilimpelekea mfuko wa mbolea ya dukani, mahindi yakachangamka msimu ule mmoja, basi. Nikamwambia mchwa watarudi.

"Watarudi," akasema. "Wajukuu zako watawaona."

Hakusema kwa hasira. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Mama hajawahi kumwomba mtoto wake chakula. Ni yeye aliyekuwa akitufungashia. Wiki iliyopita alinipigia simu, akauliza habari za kazi, akauliza habari za watoto, akazunguka weee, mwishowe akasema, "Ukija, niletee mboga. Hata fungu moja."

Nikaenda soko la Kisesa, nikanunua mafungu kumi kama mwendawazimu. Nilipomkabidhi alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti chini, mama yangu mzazi, akaniambia asante.