Wakili wa Upande Usiopendwa

Pale Kayanga ukiulizia ofisi ya Wakili Adelgunda utaonyeshwa, ila utaonyeshwa kwa midomo iliyobinuka. Iko juu ya duka la vitenge, na ngazi zake hazipandwi na wajane wala waliovunjika miguu. Hao wana mawakili wao. Kwa Adelgunda hupanda wenye mabasi, wenye Fuso na wenye mashine za kukoboa kahawa, watu ambao ajali ikitokea hushitakiwa kwanza, ndipo inaulizwa ilikuwaje. Kesi ikija, kampuni ya bima humtafuta yeye awatetee. Ndiyo kazi aliyoichagua, na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili yake.

"Anakula machozi ya wafiwa," watu walisema. Aliyasikia maneno hayo sokoni, akayasikia kanisani, na hata nyumbani kwao Kibingo, ambako shangazi yake Benadeta alimuuliza mbele ya wageni kama Mlutheri anaruhusiwa kazi ya namna hiyo. Adelgunda akamjibu huku anamenya ndizi, "Shangazi, mwenye gari naye ana mama yake. Akisingiziwa, nani atamsemea? Wewe?" Shangazi akamwambia aangalie kisu, anazimaliza ndizi kwa kukata maganda manene.

Ukaidi huo haukuanza jana. Akiwa bado wakili mchanga aliletewa kesi ya bwana mmoja aliyedai basi limemvunja mgongo, hawezi hata kuinama kufunga viatu. Adelgunda hakubishana naye mahakamani. Alimfuata hadi ghalani, akamkuta anapakia magunia ya kahawa kwenye lori, akamsalimia kwa jina na kumpongeza kwa kupona haraka. Lakini pia, pale alipoona dereva amekosa kweli, aliwaambia watu wa kampuni walipe mapema, waache kuwazungusha watu. Hilo nalo halikuwafurahisha. Kwa hiyo hakupendwa huku wala kule, na alishazoea.

Ndipo ikaja kesi ya Yustus.

Yustus ni mtu wa Nkwenda, ana Fuso moja analoliendesha mwenyewe, kazi yake kubeba ndizi. Siku hiyo, kwenye kona ya mteremko kule Rugu, aligongana uso kwa uso na Cleophace, mkulima aliyekuwa anashuka na baiskeli iliyosheheni mikungu. Cleophace alifariki palepale. Mjane wake, Costansia, akafungua kesi ya kudai fidia, na kampuni iliyomkatia Yustus bima ikamkabidhi Adelgunda utetezi.

Alivaa mabuti akaenda kuiona kona kwa macho yake. Aliona jinsi makorongo yanavyolisukuma gari kubwa katikati ya njia. Akajua pia kwamba baiskeli ya marehemu haikuwa na breki, ilisimamishwa kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi kama nyingi za huku. Yustus alikuwa na kosa lake, marehemu alikuwa na lake. Kesi ilikuwa ya kawaida, na ingebaki ya kawaida kama Edgar asingekuja.

Edgar alikuwa afisa wa madai wa kampuni, kijana aliyetumwa kutoka Mwanza. Alianzia nyumbani kwa Yustus, akapokewa vizuri, akala, akashiba. Wakiwa wanazungumza Yustus akamsimulia bila kuficha kitu, "Siku ya mazishi nilikwenda, waitu, ndugu yangu. Nilipeleka mbuzi na mkungu, nikabeba jeneza pamoja na wenzangu, nikawaambia wafiwa wanisamehe." Aliyasema kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Edgar alimshukuru kwa chakula, akatoka pale moja kwa moja hadi juu ya duka la vitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Edgar. Karibu ukae."

"Mama, mambo yamekuwa mepesi. Yustus amekiri kosa. Alikwenda msibani akaomba msamaha, na masharti ya bima yanamkataza kukiri lolote bila ruhusa yetu. Sasa siku ya kesi, wewe mwenyewe umuulize hilo swali. Aseme kwa kiapo. Akishasema tu, kampuni inajitoa."

Adelgunda alipiga hesabu. Kampuni ikijitoa, fidia yote ingemwangukia Yustus peke yake. Fuso lingekwenda, na shamba la kahawa aliloachiwa na baba yake lingefuata. Na kumbe eti yeye, wakili wake, ndiye ashike kisu.

"Edgar, huku kwetu mtu akizikwa hakuna anayegusa jembe. Kijiji kizima kinakwenda. Asiyefika ndiye anayenyooshewa kidole. Ulitaka Yustus ajifiche?"

"Angetuuliza kwanza."

"Awaombe ruhusa ya kuzika?"

Edgar alitazama kabati lililokuwa nyuma ya Adelgunda. "Mama, karibu mafaili yote ya humo ni ya kwetu. Usisahau."

"Sijasahau. Nyinyi ndio mnaonilipa. Lakini anayeshitakiwa ni Yustus, na mimi ni wakili wa Yustus. Swali hilo halitatoka kinywani mwangu, ng'o."

Alipobaki peke yake aliogopa, tena aliogopa sana. Kodi ya ofisi, mshahara wa karani, kila kitu kilitoka kwenye kabati lile. Kisha akamwaza Edgar ameketi pale kwa Yustus anakula chakula chake huku akimtega, na woga wote ukageuka hasira. Hasira alijua jinsi ya kufanya nayo kazi.

Siku ya kesi Edgar alikaa benchi la nyuma. Costansia alipopanda kizimbani, wakili wake mwenyewe ndiye aliyelifungua lile jambo.

"Mdaiwa alikuja msibani?"

"Alikuja."

"Akasema nini?"

"Alisema tumsamehe."

Wakili akaketi ameridhika. Nyuma kule Edgar alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Adelgunda akainuka, na watu wa Rugu waliojaa mle ndani wakakunja nyuso, maana walijua sasa mjane ataitwa mwongo.

"Pole sana na msiba, mama," alisema Adelgunda.

"Asante."

"Yustus asingefika kuzika, mngesemaje?"

"Tungesema ameua kwa kusudi."

"Siku ile ni yeye peke yake aliyeomba msamaha?"

Costansia alifikiri. "Hapana. Waliomba wengi. Shemeji yangu aliomba. Majirani waliomba." Sauti yake ikashuka. "Hata mimi. Nilishika jeneza nikamwambia mume wangu anisamehe."

"Ulikuwa umemkosea nini?"

"Sikumkosea kitu. Ndivyo tunavyoagana na mtu."

Adelgunda alikuwa na swali jingine, akaliacha. Akainamisha kichwa kwa hakimu, akaketi.

Hukumu ilipotoka, hakimu aliigawa lawama kati ya Fuso na baiskeli, kama Adelgunda alivyotegemea tangu mwanzo. Kuhusu msiba alisema kwamba kuomba msamaha mbele ya jeneza si kukiri uzembe barabarani. Kampuni ikakosa pa kutokea. Fidia ya Costansia ingelipwa na bima, na Yustus angebaki na Fuso lake na shamba lake. Nje ya mahakama wale wawili walisalimiana kwa mikono miwili, kama watu waliozika pamoja.

Edgar alimsubiri Adelgunda penye ngazi za mahakama. "Mama, umetuangusha. Kesho ninakuja kuchukua mafaili yetu."

"Njoo na gari kubwa, ni mengi."

"Hujutii?"

Watu wa Rugu walikuwa wanapita, wengine wakimsalimia kwa mara ya kwanza, na yeye hakuwageukia. Alimtazama Edgar usoni.

"Sikia, mwanangu. Siku ukifiwa, popote pale, nitakuja. Nitaleta mkungu, nitabeba jeneza, nitasema mnisamehe. Na wewe usithubutu kumwambia mtu kwamba nimekiri kosa."