Picha ya Ngumi Ukutani kwa Mwanangu

Rukia binti Gharibu tumezaliwa naye mtaa mmoja, hapa kisiwani Ngumi. Chuo cha Kurani tulikaa mkeka mmoja, na aliyehitimu mbele ni mimi. Shule pia nimesoma mimi. Yeye aliiacha akasuka mikeka. Vita vikamtupa Mombasa, akarudi mjane, akawa akikaanga samaki Kismayu, kisha akarejea hapa kwetu, hata wanawe wakamnunulia simu yenye kamera nzuri. Sasa kila Mbajuni mwenzetu aliyeko ng'ambo amtaka Rukia ampigie picha ya kwao.

Hilo ningelivumilia. Lakini mwanangu Shihab, aliyeko Uswidi, alitaka picha kubwa ya Ngumi aitundike sebuleni. Nikaipiga mimi, mamake, nikamtumia. Akajibu kwa adabu: "Ahsante mama. Lakini imelala bapa, mchanga na mawe sawasawa. Huwezi kumuomba mama Rukia?"

Nikaenda kwa Rukia.

"Ulipiga saa ngapi?" akaniuliza.

"Adhuhuri. Mwangaza tele."

Akacheka, hana hata haya. "Weye! Jua la utosini lafuta vivuli vyote. Mtu hungoja jua limjie ubavuni. Kila tuta la mchanga litoe kivuli chake, ndipo uone kina."

"Nionyeshe basi. Lakini nitapiga mimi."

"Piga, bibi mkubwa. Nani kakunyang'anya?"

Asubuhi, jua limeinuka kidogo, tukasimama pwani tumeelekea kaskazini, bahari kuliani. Wallahi, nimezaliwa hapa na sikuwahi kuyaona yale. Kila wimbi la mchanga lina mstari wake mweusi. Ukuta wa msikiti wa zamani, upande mmoja wawaka, upande wa pili giza, na mashimo ya matumbawe waweza kuyahesabu. Kumbe Rukia ayaona haya peke yake miaka yote! Nilimwonea wivu wa macho yale kuliko wa kitu chochote alichopata kuwa nacho.

Alisimama upande wa bahari, mbele yangu kidogo, akinielekeza kwa mkono. "Inamisha simu. Zaidi."

"Nyamaza," nikamwambia, nikabonyeza.

Shihab alijibu siku ile ile: "Mashallah, mama! Hii ndiyo naitundika. Na kile kivuli kirefu kinachonyosha mkono mchangani nimekijua, ni mama Rukia. Kimeipendezesha picha."

Nikaitazama upya. Kweli yumo, amejinyosha toka majini hata msikitini.

Nimemwambia mwanangu amkate pichani. Amekataa. Rukia hajui kama yumo, na wa kumwambia si mimi.